KIRUKIA NA MTI MWENYEJI: TUANZE KUKATA WAPI?

Na Katibu wa Chama



Mwaka jana, kabla ya msimu wa kuchuma, katika gazeti letu hili hili nalikuombeni kila mmoja apande mikarafuu yake, au atafute mpandaji, avunje virukia vyote avionavyo. Wengi mlinisikiliza. Wengine mlilipa vijana kwa fedha iliyokuwa ya palizi. Sasa masika yamepita, na mwezi huu haipiti siku ila mwanachama mmoja au wawili huja ofisini kuniambia kuwa virukia vimerudi, na pengine ni vingi kuliko vya kwanza. Mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Bwana Katibu, ule ulikuwa ushauri au ulikuwa mtihani?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini swali lake lilinikaa moyoni.

Jawabu ni kuwa ushauri wangu ulikuwa na kasoro. Sikusema uwongo, lakini nalianzia mwisho. Nalikuambieni mkate kirukia pale kinapoonekana, na ilinipasa kukuambieni kwanza mtafute pale kinapozaa. Mahali hapo pawili si pamoja. Jambo hili nalijifunza Bagamoyo, na naliandika kwa urefu kwa sababu gharama ya kosa langu mmeilipa ninyi.

Mwezi wa Shaabani naliitwa huko kwa arusi ya binti wa mjomba wangu. Nalivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha nikapanda basi la Bagamoyo. Aijuaye njia hiyo ajua kuwa baada ya kupita Tegeta na Bunju mji huanza kulegea, na ukifika Mapinga na Kerege waona tena mikorosho na miembe katikati ya nyumba mpya. Siku nyingine katika basi lile mimi husinzia. Safari hii, kwa kuwa nalikuwa na deni la jawabu, nalitazama vilele vya miti njia nzima, na katika mikorosho mingi mikubwa naliona vile vichaka vyenye kijani kisichofanana na kijani cha mti wenyewe, vimekaa katika matawi kama viota vilivyohamwa.

Mjomba ni mkulima wa siku nyingi. Shamba lake liko upande wa Kaole, si mbali na magofu. Ana mikorosho, miembe, michungwa michache, minazi, na zizi la ng'ombe. Asubuhi ya pili baada ya arusi, watu wangali wamelala, nalimkuta barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona mapema? Au biriani limekunyima usingizi?"

Nikamweleza khabari ya virukia vyetu na swali la yule mzee. Hakunijibu. Alichukua kingoe kirefu kilichofungwa panga dogo nchani, akaniambia nimfuate.

Kwanza alinipeleka kwenye mchungwa uliodumaa, ulioota penye mchanga mtupu juu ya mawe. Ulikuwa na kirukia kimoja, kidogo kama ufagio uliokwisha. "Hiki nakijua tangu kilipokuwa majani mawili," akasema. "Miaka minne. Tafuta tunda." Nikatafuta, nikaona vitunda vichache, vingine vimesinyaa. Tukaenda kwenye mikorosho. Hapo virukia vilikuwa na afya, na matunda yake yalikuwapo, ya wastani. Tukapita minazini. "Umepata kuona kirukia juu ya mnazi?" Nikafikiri. Nimezaliwa na kukulia katika minazi, sikupata kuona hata kimoja.

Mwisho tukafika mpakani, penye mwembe mkubwa mno, watu wawili hawaukumbati. Nyuma yake ni bonde dogo ambalo maji ya zizi la mjomba hutiririkia wakati wa mvua. Juu ya mwembe ule kulikuwa na virukia vikubwa kama mapakacha, vimejaa matunda hata vijiti vyake vimeinama. Katika matawi membamba ya chini naliona mbegu zimegandishwa kwa ute, nyingine zinaning'inia kwa uzi mwembamba unaong'aa kama utando wa buibui.

"Huyu ndiye mama yao," mjomba akasema. "Wewe umewaambia watu wako wapige watoto, mama amekaa ukumbini anazaa."

Hapo naomba mniruhusu niiache ziara ile kidogo nieleze kirukia ni kitu gani, maana wako wanachama wanaokichanganya na mlangamia. Mlangamia ni zile nyuzi za rangi ya manjano au kijani hafifu zinazotambaa na kufunga mti kama kamba, hazina majani ya kuonekana. Kirukia ni kichaka kamili. Kina majani mabichi, maua na matunda, na kilichopungua ni mizizi ya ardhini tu. Mahali pa mizizi kina kiungo kama mzizi mfupi mnene ambao hupenya ganda la tawi na kujiunga na mishipa ya maji ya mti. Kwa kuwa kina majani mabichi chaweza kujipikia sehemu ya chakula chake kwa jua. Maji na chumvi zote za ardhini hutoka kwa mwenyeji, na uchunguzi umeonyesha kuwa hata sehemu ya chakula kilichokwisha pikwa hutoka kwake pia.

Wataalamu wameandika mengi juu ya virukia vya pwani yetu. Kimoja kina jina la Unguja khasa, Agelanthus sansibarensis. Kingine, Helixanthera kirkii, kimepewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Kiingereza Unguja katika karne ya 19 na mpenzi mkubwa wa mimea. Na hapo hapo Bagamoyo, katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, aliishi Padre Charles Sacleux, mtungaji wa ile kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa mwaka 1939. Naye alikuwa mkusanyaji wa mimea ya pwani. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Polhill na Wiens, walitoa kitabu kizima juu ya virukia vya Afrika. Nayataja haya ili asije mtu akasema Katibu amerudi na maneno ya barazani.

Sasa turudi kwenye uzazi wa kirukia, maana huko ndiko mti mwenyeji unakoingilia kati.

Mbegu ya kirukia haingoji mvua wala haihitaji udongo. Imevikwa ute unaonata kuliko ulimbo, na ikikwisha kutoka katika tunda huanza kuchipua hapo ilipobandikwa. Huchipua juu ya mwembe, juu ya mnazi, hata juu ya waya wa ua na nguzo iliyokufa. Kwa hiyo kuchipua si kazi. Kazi ni kupenya. Katika miti mingine ganda ni nene au mti hujitengenezea ukuta pale unapotobolewa, na mche hufa kwa kiu baada ya akiba yake kwisha. Katika mnazi mambo ni mabaya zaidi kwake, kwani shina la mnazi halikujengwa kama la mwembe: halina ile tabaka hai chini ya ganda ambayo kirukia hujiunga nayo. Basi mbegu zinazobandikwa minazini hupotea bure, na laiti ndege wangezibandika zote huko.

Tena si kila kirukia hupatana na kila mti. Kuna aina zikaliazo miti mingi na kuna aina zilizochagua michache. Ulaya kuna kirukia kimoja maarufu ambacho kina makabila matatu au manne: moja hukaa juu ya miti ya majani mapana, jingine juu ya misonobari, na lililo la mti huu kwa kawaida halistawi juu ya ule. Huku Afrika, watafiti Roxburgh na Nicolson walichapa mwaka 2005 uchunguzi wao wa virukia vya aina mbili nchini Zambia, na wakaona kuwa mambo mawili ndiyo yaamuayo kirukia kikae mti gani: kupatana kwake na mti huo, na mwenendo wa ndege abebaye mbegu.

Ndege mwenyewe naliuona ufundi wake asubuhi ile ile. Ni kindege kidogo kuliko shore, ana mdomo mnene, na sauti yake ni tok, tok, tok, kama mfua vyuma aliyeko mbali. Vitabuni huitwa kitororo. Alimeza tunda moja, akakaa. Sikuhesabu dakika, lakini sigara ya mjomba haikwisha. Akaitapika mbegu, ikamganda mdomoni, akaufuta mdomo kwenye kijiti, huku na huku, kama mtu anoaye kisu. Mbegu ikabaki pale. Akameza tunda la pili. Kwa hiyo tazameni: ndege huyu hamezi mbegu Bagamoyo akaitapika Chalinze. Nyingi huzibandika juu ya mti ule ule aliolia, au mti wa jirani. Ndiyo sababu virukia hukaa kwa makundi, mti mmoja una ishirini na wa pili yake hauna kitu.

Na pale anapobandika pana maana kubwa. Juu ya tawi nene mbegu hupata ganda gumu na mara nyingi hufa. Juu ya kijiti chembamba kuliko kidole hupenya upesi zaidi. Mti mkubwa uliotanda una maelfu ya vijiti hivyo, tena una kilele ambacho ndege hupenda kutua ili aone mbali. Mti mkongwe pia umekaa miaka mingi ukipokea mbegu. Kirukia kikisha kuzaa huko juu, matunda yake huwaita ndege wengi zaidi, nao huja na mbegu zaidi. Mwenye nacho huongezewa, kama tuonavyo katika mambo mengine ya dunia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonigeuza fikira kuliko yote, nalo ni shibe ya mwenyeji.

Sisi hudhani mti dhaifu ndio ushikwao zaidi na kirukia, kwa kuwa tunaona matawi yaliyokauka. Lakini matawi yamekauka kwa sababu kirukia kimekunywa, na kirukia hakinywi penye kisima kikavu. Majani ya kirukia hutoa maji hewani kwa wingi kuliko majani ya mwenyeji wake. Kwa njia hiyo huvuta maji kutoka mtini, na pamoja na maji huvuta chumvi za ardhini, khasa naitrojeni, ile tuwekayo kwa mbolea na samadi. Siku za jua kali mti hufunga vinyweleo vya majani yake ili usife. Kirukia huendelea kuvuta. Kikikaa juu ya mti wenye njaa, kama ule mchungwa wa mawe, hupata kidogo, hukua polepole na huzaa kidogo. Kikikaa juu ya mti ulioshiba hukua upesi, maua yake huwa mengi, na maua mengi huita chozi wengi.

Hao chozi nao wana kazi yao. Maua ya virukia vingi vya Afrika hayafunguki kwa hiari. Ua likipevuka hukaa limefumba, limejikaza kama mtego, mpaka chozi aje aliminye kwa mdomo. Hapo hupasuka kwa ghafla na kumwagia unga wake kichwani. Naye huupeleka kwenye ua jingine. Basi kirukia kilicho peke yake juu ya mti mkavu, chenye maua mawili matatu, hakiwavuti chozi kama kile kilichochanua mti mzima. Tena kuna aina nyingine za virukia ambazo zina mume na mke mbali mbali, na mke akikaa mahali pasipo mume karibu hazai.

Huko Afrika ya Kusini, Dean, Midgley na Stock walichapa mwaka 1994 uchunguzi wao wa virukia na miti vinavyokalia, wakaona kuwa miti yenye naitrojeni nyingi majanini ndiyo yenye aina nyingi za virukia. Nalipousoma nalikumbuka maji ya zizi la mjomba yanayotiririkia katika lile bonde. Nikamwambia. Alinyamaza, akavuta sigara yake, kisha akasema, "Kwa hiyo samadi ni yangu, mwembe ni wa jirani, na kirukia kinarudi kwenye michungwa yangu." Nikasema, ndivyo. Akacheka mpaka akakohoa.

Maana mwembe ule si wake. Mpaka umepita upande wa huku, na mwembe ni wa bibi mmoja mjane, mtu mwenye heshima zake, ambaye aliupata kwa marehemu mumewe. Miaka mitatu iliyopita mjomba aliusafisha mwembe wake mwenyewe, ulio upande wa pili wa zizi, akakata kila tawi lenye kirukia. Michungwa ya upande ule imepumzika; nalitembea chini yake nikaona michipukizi michache tu. Michungwa ya upande wa mpakani husafishwa kila mwaka na kila mwaka hujaa. Hapo ndipo nalipoiona hali yetu sisi, maana kazi ya mikono ilikuwa ni ile ile pande zote mbili, na kilichotofautiana ni kuwa upande mmoja mti mama ulikatwa na upande mwingine ulibaki.

Nikamwuliza kwa nini hajasema na bibi. Akaniambia amesema naye mara mbili, na mara zote mbili waliachana vibaya, kwani zamani palikuwa na maneno juu ya mpaka, na bibi anaamini kuwa kirukia ni kisingizio cha kuuharibu mwembe wake. "Mwembe ule umesomesha watoto wake," akasema. "Hata mimi ningeogopa."

Jioni tulikwenda pamoja. Mimi nalikwenda kama mgeni, maana mgeni husikilizwa walau siku ya kwanza. Bibi alitukaribisha kwa kahawa. Nikamsalimu, nikamwuliza khabari za maembe. Akasema mwaka huu tawi la mashariki halikuzaa hata embe moja, na la kusini linakauka nchani. Nikamwomba tutoke tukalitazame. Tukalitazama kwa pamoja: lile lililokauka lilikuwa na virukia vitatu, na tawi lote kuanzia kilipojishika cha kwanza kwenda nje lilikuwa limekufa au linakufa. Bibi akasimama muda mrefu, mkono kiunoni. Kisha akamgeukia mjomba: "Mbona hukunionyesha hivi? Wewe ulikuja kuniambia habari za michungwa yako."

Mjomba hakuwa na jawabu, na mimi nalitazama chini.

Wakapatana hivi: vijana wa mjomba watapanda baada ya maembe kwisha, watakata matawi yenye virukia tu, bibi mwenyewe atakuwapo, na kuni zote ni zake. Akataka pia abakishiwe kishada kimoja cha dawa. Mjomba akasema kishada apewe, illa kikae ndani ya nyumba. Kwa hakika wataalamu nao wamekuta kuwa dawa iliyomo katika kirukia hubadilika kwa kadiri ya mti kiliokalia, kwa hiyo waganga wetu wanaouliza "cha mti gani?" hawaulizi bure.

Sasa mambo ya kwetu. Mkarafuu nao ni mwenyeji wa kirukia. Hata kule Indonesia, asili ya mkarafuu, wakulima wanasumbuliwa na kirukia waitacho benalu, nacho hukalia mikarafuu kama hiki chetu. Lakini nalipozunguka mashamba ya wanachama niliporudi, nikitazama juu badala ya kutazama makonyo, naliona jambo lile lile la Bagamoyo. Virukia vya juu ya mikarafuu vingi ni vichanga, vingine havijazaa. Vile vikubwa, vyenye matunda, viko juu ya miembe mikongwe ya mipakani, juu ya michungwa iliyo karibu na majiko na mazizi, na kwa baadhi ya wanachama juu ya mikarafuu ile mirefu ya kando ya njia ambayo haipandwi tena kwa sababu ya hatari. Sisi tumekuwa tukilipa vijana wapande mikarafuu mifupi iliyo rahisi, na mti mama ukabaki kwa kuwa ni mrefu, au si wetu, au una neno la mpaka.

Kamati imenikubalia tubadili utaratibu. Mwaka huu tusianze na mikarafuu. Kila mwanachama atembee shambani mwake na mipakani, atafute mti mmoja au miwili yenye virukia vikubwa vyenye matunda, autie alama. Huo ndio ukatwe kwanza, na ukatwe kabla matunda hayajaiva. Kirukia chenye matunda mabivu ukikiangusha, mbegu nyingi zimekwisha ondoka na ndege. Katika miti ya kustawisha kivuli, kama vile ya jamii ya kunde ambayo hujitengenezea naitrojeni mizizini, tazameni pia, kwani shibe yake ni shibe ya kirukia.

Namna ya kukata ni muhimu. Mwaka jana nalisema "vunjeni", na neno hilo ndilo lililoharibu. Kirukia kikivunjwa, kile kiungo chake kilichomo ndani ya tawi hubaki, nacho huchipua tena. Kateni tawi la mti lenyewe, kiasi cha futi moja chini ya uvimbe, upande wa shina. Ikiwa kimejishika juu ya shina lenyewe au tawi kuu ambalo hamwezi kulikosa, hapo ndipo mkivunje, mkivunje kila mwaka. Hakitakufa upesi, lakini hakitazaa. Mbuzi hula majani yake, msiyatupe.

Na mtu asiende msituni kufyeka virukia vya porini kwa hamasa. Kule juu ya Bagamoyo uko msitu wa Zaraninge, ndani ya Hifadhi ya Saadani, na virukia vya msitu ni chakula cha ndege na vipepeo. Australia, Watson na Herring waliondoa virukia vyote katika vipande vya msitu ili waone litokealo. Khabari zao za mwaka 2012 zasema kuwa baada ya miaka mitatu aina za ndege zilipungua kwa karibu moja ya tano. Hata ndani ya virukia kuna wizi: hapa Afrika ya Mashariki iko aina moja, Viscum loranthicola, ambayo hukaa juu ya kirukia kingine na kukinyonya. Nalimwambia yule mzee aliyeniuliza swali, akasema huyo angemlipa mshahara.

Neno la mwisho ni la mipaka. Nimeandika orodha ya miembe saba mikubwa iliyo baina ya mashamba ya wanachama, na katika minne kati ya hiyo wenyewe hawasemezani. Sitaitaja hapa. Nitakuja kwa kila mmoja, mimi na mjumbe wa tawi, na nitawaomba pande zote mbili tusimame chini ya mti tutazame juu kabla mtu hajasema neno. Wanachama wengine wenye miti ya namna hiyo waje ofisini siku ya Jumamosi waandikishe. Chama kina ngazi mbili ndefu na kamba mpya. Mpandaji atalipwa nusu na mwenye mti na nusu na mwenye mikarafuu iliyo karibu, na kuni ni za mwenye mti.